Mwenye Chombo ni Nani? Vyombo vya Mashine katika Naili ya Albert tangu Siku za Baker

Katika muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa Koboko insha yenye kichwa ambacho kila mwalimu anakijua: "Ningekuwa na Fedha Nyingi". Wengi walijenga nyumba za matofali. Wengine walinunua malori ya kupeleka bidhaa Sudan Kusini kupitia Oraba, na msichana mmoja alimnunulia mama yake mashine ya kusagia. Kijana mmoja, hata hivyo, alinunua motaboti ya starehe. Alikuwa ameiona katika picha: nyeupe, yenye vyumba vya kulala, jiko, sebule na injini mbili za dizeli. Aliieleza kwa Kiswahili fasaha tangu omo hadi tezi, na kwa hakika insha yake ilikuwa bora kuliko zote.

Iliposomwa darasani wenzake walicheka. Koboko haina ziwa, na Mto Kaya unaopita mpakani hauwezi kuchukua chombo cha namna hiyo. Sisi hatukucheka. Tuliandika pembeni mwa ukurasa swali moja tu: "Na baada ya kuinunua?" Kijana alilisoma, akainuka, akajibu kwa adabu: "Mwalimu, baada ya kuinunua ni yangu."

Jibu hilo ndilo lililotutia katika uchunguzi huu. Yamkini wasomaji wetu wa pwani watashangaa kusikia kwamba walimu wa Arua na Koboko, mbali kabisa na bahari, wanajishughulisha na habari za meli. Lakini mkoa wetu wa West Nile unaitwa kwa jina la mto, na katika mto huo vyombo vya mashine vimekuwa vikipita tangu miaka ya 1870. Vilinunuliwa kwa fedha nyingi, vikapewa majina makubwa, kisha vikatoweka. Tumejaribu kuuliza habari ya kila kimoja: nani alikinunua, na nani alikuwa mwenye chombo kwa kweli? Maswali hayo mawili, kama tutakavyoona, hayana jibu moja.

Maneno yenyewe

Kwanza tutazame maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakikosi majina ya vyombo vya majini: mtumbwi, dau, ngalawa, mashua, jahazi, merikebu, meli, stima, motaboti. Baadhi ya majina hayo yana historia ndani yake. Merikebu ni jamaa ya neno la Kiarabu "markab", ambalo hata leo linasikika katika Kiarabu cha jirani zetu wa Sudan Kusini. Meli imetokana na barua: hapo kwanza ilikuwa ni ile meli iliyoleta barua kutoka Ulaya. Stima ilikuwa ni chombo kiendeshwacho kwa mvuke, na leo katika Kenya imegeuka kuwa jina la umeme.

Lakini maneno yanayotufaa zaidi katika mada hii ni yale ya matunzo. Watu wa pwani wana "kalafati", yaani kuziba nafasi zilizo baina ya mbao kwa pamba ili maji yasiingie. Wana "sifa", mafuta ya samaki ya kupaka mbao, na "deheni", mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka sehemu ya chini ya chombo. Jamii iliyoyatumia maneno hayo kila siku ilijua kwamba chombo kisichopakwa huliwa na wadudu wa majini hata kama kimelipiwa chote. Vilevile ilijua kwamba mwenye chombo hali peke yake: aghalabu mapato ya safari, baada ya kutolewa gharama, yaligawanywa mafungu baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Kumiliki chombo kulikuwa ni mapatano yanayorudiwa kila safari.

Motaboti ya kisasa haikuondoa sheria hiyo. Ile ya kadiri ya kati, yenye urefu wa meta 12 hadi 20, huweza kunywa makumi ya lita za dizeli kwa saa moja. Tumbo lake hupandishwa nchi kavu mara kwa mara, likakwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia viumbe vya majini, jambo ambalo ni deheni kwa jina jingine. Wanunuzi wa vyombo hivyo katika Ulaya na Marekani wana kanuni yao ya kukisia: kila mwaka mwenye chombo atenge fungu la kumi la bei yake kwa ajili ya maegesho, bima, rangi na matengenezo. Kwa hesabu hiyo, baada ya miaka kumi amekinunua mara ya pili. Kijana wetu hakuwa amefika katika hesabu hiyo. Tutakavyoona hapa chini, watawala wengi nao hawakufika.

Khedive na Nyanza

Mwaka wa 1869 Ismail, mtawala wa Misri aliyekuwa na cheo cha Khedive, alimwajiri Mwingereza Samuel Baker aende kuieneza milki yake kusini. Baker alikuwa ameliona Ziwa Albert mwaka wa 1864, naye alijua kwamba bila ya chombo cha mashine ziwani amri ya Misri isingefika mbali. Stima ziliagizwa kwa Samuda Brothers wa London. Miongoni mwake ilikuwamo moja ya tani 108 na nyingine ya tani 38. Zilijengwa kwa vipande, vikasafirishwa hadi Misri, na ngamia wakavivusha jangwani kuelekea Khartoum.

Stima ya tani 108 iliundwa Gondokoro, ikapewa jina la Khedive. Lakini Gondokoro si ziwani. Kati ya hapo na maji tulivu ya Naili ya Albert pana maporomoko, nayo makali kuliko yote ni yale ya Fola, karibu na Nimule. Baker aliondoka mwaka wa 1873 pasipo kuivusha stima hiyo. Charles Gordon, aliyekuja mwaka wa 1874, ndiye aliyefanya uamuzi mzito: Khedive ifunguliwe tena, na vipande vyake, pamoja na vile vya stima ndogo, vibebwe kwa nchi kavu mpaka Dufile.

Dufile iko katika ukingo wa magharibi wa mto, katika wilaya ya leo ya Moyo. Kwa hiyo stima hizo zilipata uhai wao wa pili katika ardhi ya West Nile. Ile ndogo, Nyanza, ilikuwa majini mwaka wa 1876, na Gordon akapanda nayo mto mwaka huohuo. Katika mwaka huo pia Romolo Gessi alilizunguka Ziwa Albert kwa mashua mbili za chuma. Khedive ikafuata baadaye.

Basi, mwenye Khedive ni nani? Kwa hati, ni mtawala aliyeketi Kairo, ambaye hakupata kuiona ikielea katika Naili ya Albert. Mtawala huyo alinunua vitu vingi kwa namna hiyo, hata madeni yakamzidi. Mwaka wa 1875 aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez, na mwaka wa 1879 aliondolewa katika kiti chake. Kwa jasho, mwenye chombo alikuwa ni mpagazi aliyebeba bamba la chuma kwa siku nyingi, na mkata kuni wa kituoni, kwani stima hizo zilikula kuni, na bila kuni hazikwenda hata hatua moja. Majina ya watu hao hayakuandikwa popote katika ubavu wa chombo.

Wenye ujuzi walionekana vizuri zaidi katika siku za Emin Pasha, aliyepewa utawala wa jimbo la Ikweta mwaka wa 1878. Vita vya Mahdi viliufunga mto. Tangu mwaka wa 1883 hapakuja tena stima kutoka kaskazini, na Januari 1885 Khartoum yenyewe ikaanguka. Emin alihamia Wadelai, juu ya mto huu wetu. Hapakuwa na vipuri wala mishahara, na hapakuwa na mtu wa Kairo wa kuuliza. Hata hivyo Khedive na Nyanza ziliendelea kwenda kwa miaka mitano, kwa sababu walikuwapo mafundi waliozijua na watu waliozilisha kuni. Mwezi wa Aprili 1888 Henry Morton Stanley alipofika ziwani kumwokoa Emin, alikuwa amechoka na watu wake wana njaa. Aliyekwenda kuokolewa ndiye aliyemjia mwokozi wake kwa stima ya Khedive, akiwa na chakula na nguo za kuwapa.

Mwaka wa 1889 Emin aliondoka pamoja na Stanley kuelekea pwani. Stima hazikuondoka nao. Wengi wa askari walibaki chini ya Selim Bey, na mwaka wa 1891 Frederick Lugard aliwachukua kuwa jeshi lake katika Uganda. Wazao wao ndio Wanubi, ambao wengine wao wako Arua na Koboko hata leo. Kutokana na jeshi hilo, ambalo baadaye liliingizwa katika King's African Rifles, Kiswahili cha kambini kilifika kwa wazee wetu wa Kilugbara na Kikakwa waliojiunga kwa wingi. Mwalimu wa Kiswahili wa West Nile asisahau, basi, kwamba lugha anayoifundisha iliingia huku kwa njia iliyoanza na watu wa stima zile.

Glasgow ya Unguja

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya bara peke yake. Katika miaka ileile ambayo vipande vya Khedive vilikuwa vikibebwa kwenda Dufile, Sultani Barghash bin Said wa Unguja naye aliagiza chombo chake cha fahari. Alikuwa ameipenda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, akataka yenye sura hiyo na jina hilo. Iliundwa na William Denny wa Dumbarton, Uskochi, ikateremshwa majini mwaka wa 1878. Bei yake ilizidi pauni 32,000.

Chombo kilikuwa kizuri, lakini hakikumfurahisha mwenyewe kwa muda mrefu. Kikakaa bandarini, mbele ya jumba, mwaka baada ya mwaka, kikawa pambo la kutazamwa. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vifupi vya Unguja visivyofika saa moja, Glasgow ilijaribu kuzipiga manowari za Kiingereza, ikazamishwa palepale ilipokuwa imetia nanga. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka wa 1912, mabaki yalipovunjwa kuwa vyuma chakavu.

Hapa tunaona tofauti ya kufundisha. Katika bandari hiyohiyo majahazi yasiyo na jina kubwa yalikuwa yakipigwa kalafati, yakipakwa sifa, yakaenda na msimu na kurudi. Khedive, iliyokatiwa kila msaada, ilifanya kazi miaka mitano kwa kuni za msituni. Glasgow, iliyokuwa na sultani mwenye hazina, haikuwa na kazi. Chombo kisicho na kazi hakipati matunzo, na kisicho na matunzo huwa kimekwisha kuzama hata kabla ya mzinga wa kwanza.

Coryndon na gati la Rhino Camp

Tuurudie mto wetu. Baada ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kufariki Desemba 1909, eneo la Lado alilokuwa amelikodi lilirudi Sudan mwaka wa 1910. Sehemu yake ya kusini, ndiyo West Nile yetu, ilitiwa katika Uganda mwaka wa 1914, na mji wa Arua ukaanzishwa mwaka huo na A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza. Arua haiko mtoni. Gati lake lilikuwa Rhino Camp, mahali palipopata jina hilo kwa vifaru weupe. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifika huko kwa njia ya maji Januari 1910 kuwawinda.

Katika miaka ya ukoloni Shirika la Reli lilikuwa na huduma ya stima iliyotoka Butiaba katika Ziwa Albert, ikapita Pakwach na Rhino Camp, hadi Laropi na Nimule. Pamba ya West Nile ilishuka kwa njia hiyo. Wengi wa vijana wa Kilugbara walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa na ya Buganda, na baadhi yao waliipanda stima hiyo, wakayajua maneno "gati", "tikiti" na "serahangi" kabla hawajayasoma kitabuni.

Fahari ya huduma hiyo ilikuwa ni meli ya Robert Coryndon, iliyoundwa na kampuni ya Thornycroft, Uingereza, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Butiaba, na kuteremshwa ziwani mwaka wa 1930. Ilikuwa na vyumba vya kulala vya daraja la kwanza na maktaba iliyosifiwa na wasafiri wakubwa. Ilipewa jina la gavana wa zamani. Mwenye meli, yaani shirika, alikuwa na makao yake makuu Nairobi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi na maziwa ya Afrika Mashariki yakapanda. Bandari ya Butiaba ikafurika na Coryndon ikaharibika. Mwaka wa 1964 reli ilifika Pakwach, na kwa wakuu wa shirika hapakuwa na haja tena ya kuirudisha meli hiyo kazini. Ikaachwa. Mabaki yake yalilala Butiaba kwa miaka mingi, yakigeuka kutu, hata yakakatwakatwa na wafanya biashara wa vyuma. Reli ya Pakwach nayo ikaja ikakaa miaka mingi bila ya garimoshi.

Hatusemi kwamba uamuzi wa mwaka wa 1964 ulikuwa wa kijinga. Kwa daftari la Nairobi ulikuwa na hesabu yake. Tunalosema ni kwamba watu wa Rhino Camp hawakuwamo katika hesabu hiyo. Walikuwa abiria na wachukuzi wa meli ile kwa miaka thelathini na zaidi, lakini ilipokuja siku ya kuuliza "Je, itengenezwe au iachwe?" hawakuwa na hisa wala kura ndani yake. Hiyo ndiyo maana ya kutokuwa mwenye chombo.

Kuna chombo kingine cha maji hayohayo ambacho kilikuwa na bahati tofauti. Ni kile kidogo cha mvuke kilichoitwa Livingstone, chenye urefu wa kiasi cha meta tisa, kilichoundwa Lytham, Uingereza, mwaka wa 1912, kikatumika katika Naili ya Victoria na Ziwa Albert. Mwaka wa 1951 kilitumiwa katika filamu ya "The African Queen" iliyoongozwa na John Huston. Mwaka wa 1968 kiliuzwa, kikavuka bahari kwenda Marekani. Huko pia kiliwahi kutupwa na kuokotwa, lakini wakatokea waliokitengeneza. Mwaka wa 1992 kilitiwa katika orodha ya mambo ya kihistoria ya Marekani, na kilipotimiza miaka mia moja, mwaka wa 2012, kilifanyiwa matengenezo tena ili kiwachukue watalii huko Key Largo, Florida. Coryndon, iliyokuwa kubwa kuliko hicho mara nyingi, haipo. Umbo na bei havikuamua jambo. Lililoamua ni kuwapo kwa mtu mwenye sababu ya kutengeneza.

Starehe na hatari

Hadi hapa tumesema juu ya vyombo vilivyokufa. Lakini kutokutunza kuna jambo baya zaidi, kwani chombo huweza kufa na watu wake. Tarehe 24 Novemba 2018 motaboti ya starehe iliyoitwa Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, ikiwa imejaa watu waliokwenda kustarehe mwisho wa juma. Zaidi ya watu 30 walifariki, na mmiliki wake alikuwa miongoni mwao. Wakuu wa serikali walieleza kwamba ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, haikuwa imesajiliwa wala haikuwa na leseni, na hali yake haikuwa nzuri. Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu marehemu, bali kwa sababu ndiyo picha ile aliyoitazama kijana wetu wa Koboko, ikigeuzwa upande wa nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2021, Uganda ilitunga sheria mpya ya usafiri wa majini ili kusimamia usajili, leseni na usalama wa vyombo. Sheria hiyo inaungana na wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; na majini, tuongeze, hapana mahali pa kujengea ukuta.

Mzee wa Rhino Camp

Tulipokwisha kukusanya habari hizi tuliona si vizuri kuwafundisha wanafunzi meli zilizokufa peke yake. Siku moja ya Jumamosi tuliwachukua wachache, yule mwandishi wa insha akiwamo, tukateremka Rhino Camp. Pale mtoni tulimkuta mzee mmoja mwenye mashua ya mbao yenye injini ya nyuma, avushaye watu na mizigo. Ni askari wa zamani, na Kiswahili chake ni kile cha kambini.

Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akacheka kidogo, kwani huku kwetu salamu hiyo ni ya darasani zaidi, kisha akaitikia, "Marahaba, watoto yangu." Kijana akamwuliza kama mashua ni yake. Mzee hakujibu mara moja. Aliingia kibandani akatoka na daftari la shule, limechakaa, limelowa pembe zake. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe na hesabu: petroli, plagi, misumari, pamba na lami ya kuziba, posho ya kijana wa kukumba maji, ada ya leseni, majaketi ya kuokolea. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na mstari mmoja tu, bei ya mashua. Kurasa zilizofuata zilikuwa zaidi ya arobaini.

Akasema, "Hii kitu mimi nilinunua mara moja, lakini nalipa kila siku."

Sisi walimu tuna maradhi ya kusahihisha. Siku hiyo hatukusahihisha neno. Kijana alimwuliza ni siku gani hakulipa. Mzee akamwonyesha nafasi ya majuma mawili isiyo na tarehe, mwaka fulani, alipokuwa mgonjwa. "Nilirudi, maji imejaa mpaka hapa," akasema, akaweka kiganja chake juu ya ukingo wa mashua. Alikuwa amepata ukurasa mzima wa gharama kwa majuma mawili ya kutoandika kitu.

Lugha nayo

Tungeweza kuishia hapo, lakini waraka huu ni wa walimu wa Kiswahili, na mfano huu unatugusa wenyewe. Mwaka wa 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda kwa amri ya serikali ya Idi Amin, mtu ambaye jamaa zake walikuwa wa Koboko. Lilikuwa ni jina kubwa lililoandikwa ubavuni. Lakini amri haikufuatwa na walimu wa kutosha, wala vitabu, wala vyuo, na wananchi wengi waliendelea kukihesabu Kiswahili kuwa lugha ya bunduki. Katika marekebisho ya Katiba ya mwaka wa 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Tunaipokea amri hiyo kwa furaha, maana ndiyo tuliyoingojea. Lakini amri ni ukurasa wa kwanza wa daftari, wenye mstari mmoja tu. Kurasa zinazofuata ni zetu: kamusi moja kwa wanafunzi wangapi, mwalimu mmoja kwa shule ngapi, na je, yule mtoto wa Kikakwa au Kilugbara anakiona Kiswahili kuwa chake, au anakiona kuwa abiria wa Rhino Camp alivyoiona Coryndon, kitu kizuri chenye wenyewe Nairobi? Meli ya namna hiyo hupendwa inapokuja, na haililiwi na mtu inapoachwa. Ikiwa tunataka wenye chombo, hatuna budi kuwagawia mafungu: waandike habari za mto wao kwa Kiswahili, wauvumbue msamiati wa kazi za wazazi wao, na Kiswahili cha kambini cha wazee wao kisichekwe darasani, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikiiweka lugha hii juu ya maji wakati ambapo hapakuwa na amri wala mtaala.

Kwa walimu wenzetu walio mbali na bahari tunapendekeza jambo moja jepesi. Mnapofundisha msamiati wa vyombo, msiishie kwenye picha. Kama kuna mto, nendeni mtoni. Kama hakuna, gari, mashine ya kusagia au baiskeli itafaa. Mwombeni mwenye kitu awaonyeshe daftari lake, au ahesabu kwa mdomo, na wanafunzi waandike kwa Kiswahili kila alichokilipia tangu siku ya kununua. Watapata vitenzi vingi ambavyo havimo katika masomo yetu: kuziba, kukwangua, kukumba, kupaka, kukaza, kubadili.

Kijana wetu aliiandika insha yake upya. Motaboti hakuiacha, wala sisi hatukumtaka aiache. Lakini safari hii alikuwa amenunua ndogo, akaiweka Rhino Camp, na nusu ya fedha zake alizitenga kwa ajili ya miaka kumi, mwaka kwa mwaka, katika jedwali alilolipiga mistari kwa rula. Tulimpa alama 17 katika 20. Zilizobaki tulizikata kwa sababu ya upatanisho, kwani mahali pawili, kwa kufuata kinywa cha mzee, alikuwa ameandika "chombo yangu". Tukamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: chombo changu.